Baharia anasomeshwa, volontia anazeeka na beji

Wapendwa wa grupu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusomaga kimya kimya bila kuandika kitu (tunawajua), leo nataka tuongee habari ya jeshi la majini la Marekani. Msishtuke. Hakuna aliyenituma kuandikisha vijana, na wengi wetu tuko hapa Nakivale kwa sababu tuliikimbia bunduki. Mimi naongea juu ya ngazi. Kuna ngazi nimeiona kule, hapa kwetu haipo, na kwa kukosa hiyo ngazi miaka yetu inaliwa hivi hivi tukiangalia.

Ilianza hivi. Kuna rafiki yangu tuliyesoma naye hapa, tukacheza naye mpira wa makaratasi pale Base Camp. Aliondoka na familia yao kwenda Marekani tukiwa bado wadogo, wakati ule safari zilikuwepo. Alimaliza shule kule, akafanya kazi ya usiku kwenye ghala la kupanga maboksi, akachoka, akaingia jeshi la majini kama baharia wa kawaida. Sasa anakaa Norfolk, Virginia, penye kambi kubwa sana ya meli za vita. Kazi yake iko chini kabisa ya meli, kwenye mashine, joto na grisi. Anapenda kunipigia wakati kwetu ni usiku na kwake bado jua linawaka. Juzi akaniambia: "Ndugu, naomba masomo. Wakinikubali naenda yunivasiti miaka mitatu, mshahara unaendelea, halafu natoka afisa."

Nikamwambia acha uongo. Mshahara uendelee uko darasani? Kazi yako nani anafanya?

Akacheka. "Hiyo ndo kazi yenyewe. Kazi yangu itakuwa kusoma."

Usiku ule sikulala vizuri. Mchana wake nilikuwa nimemaliza kumfundisha supavaiza wangu wa nne.

Niwaeleze, hasa nyinyi mliofika juzi. Mimi ni volontia kwenye kituo cha afya, huu ni mwaka wa sita. Asubuhi natafsiri: mgonjwa anaongea Kiswahili, Kinyarwanda au Kibembe, mimi nageuza kwa Kiingereza ili daktari aelewe. Mchana natembea nyumba kwa nyumba. Nazijua nyumba zinazokataa chanjo na sababu ya kila moja, najua mama yupi anaficha mimba hadi mwezi wa saba, najua mzee yupi anauza dawa zake za presha. Sasa kila mradi ukibadilika, analetwa supavaiza mpya. Mara nyingi ni kijana wa umri wangu, ametoka chuo Kampala au Mbarara, ana digrii mkononi na viatu ambavyo bado havijajua vumbi la kwetu. Naambiwa, "mwonyeshe fildi." Namwonyesha. Miezi mitatu namshika mkono. Mwezi wa nne yeye ndiye ananisainia karatasi ya siku nilizofanya kazi, na asiposaini sipati insentivu.

Simchukii mtu. Huyu wa nne ni dada mwenye akili na heshima. Mbele ya watu ananiita "mwalimu", hadi naona haya. Siku moja akaniuliza kwa nini sikuomba ile nafasi yake wakati ilitangazwa. Nikamwambia asome tangazo: digrii, halafu uzoefu wa miaka miwili. Akasema, "Lakini uzoefu unao, miaka sita." Nikamtolea barua yangu. Akaisoma mara mbili. Barua yote, kuanzia juu hadi muhuri, haina neno "kazi". Inasema ninajitolea. Kwa hiyo ile miaka sita, mbele ya mtu wa kuajiri, ni sifuri.

Basi baada ya ile simu nikaanza kutafuta habari za hiyo programu ya rafiki yangu. Bando langu la wiki nzima lilikwisha, lakini siijutii.

Jeshi la kule, kama majeshi mengi, limegawanyika makundi mawili. Kuna mabaharia wa kawaida, wale wa kushika spana, kamba, redio na jiko. Halafu kuna maofisa waliotunukiwa kamisheni, ambao ndio wanaamuru. Kwa kawaida afisa anatoka chuo: anasoma chuo cha jeshi la majini kule Annapolis, au anasoma chuo kikuu cha kawaida huku akifundishwa uafisa kwenye kikosi kilicho ndani ya chuo hicho, au anamaliza digrii kwanza halafu anapitia kozi. Hapo unaona ni sawa na kwetu. Mwenye digrii anashuka kutoka nje, anamkuta mtu wa spana aliyekaa melini miaka minane, anaanza kumwamuru.

Lakini wao waliona hapo kuna hasara. Huyu wa spana anaijua meli kuliko kitabu. Kwa hiyo wakaweka mlango. Unaitwa Seaman to Admiral-21, yaani kutoka baharia hadi admirali. Baharia aliye kazini anaomba. Anafanya mtihani kama ule wa kuingia vyuo vyao, anahojiwa na maofisa, na kamanda wake anaandika kumpendekeza au kutompendekeza. Akichaguliwa anapelekwa kwanza Newport, Rhode Island, wiki 8 za kunyooshwa na kufundishwa mambo ya uafisa. Toka hapo anaingia chuo kikuu kimojawapo kati ya vile vyenye vikosi vya mafunzo ya jeshi la majini. Anasoma mwaka mzima, likizo ndefu hamna, na digrii lazima iishe ndani ya miezi 36.

Muda wote huo anahesabika yuko kazini. Mshahara wake unaingia kila mwezi kama vile bado yuko kwenye mashine. Posho ya nyumba inaingia. Matibabu ya mke na watoto yanaendelea. Juu yake anapewa hadi dola 10,000 kwa mwaka za ada na vitabu. Akimaliza anatunukiwa kamisheni, anakuwa ensaini, cheo cha kwanza cha afisa wa majini, sawa na luteni usu wa nchi kavu. Halafu anadaiwa: lazima atumikie miaka 5 akiwa afisa. Hawezi kuchukua digrii akakimbia nayo kwenye kampuni.

Msinielewe vibaya, haijakamilika ile kitu. Dola 10,000 hazitoshi kwenye vyuo vya bei kali, kinachobaki baharia anajilipia mwenyewe. Nafasi ni chache kuliko waombaji. Ukishindwa masomo unarudishwa melini ulikotoka. Na lazima uwe raia wa Marekani, sharti ambalo rafiki yangu alilitimiza baada ya kiapo chake cha uraia. Kuingia kama baharia wa kawaida mwenye kadi ya ukaazi anaweza, lakini afisa hapana. Mimi naikubali yote hiyo. Kilichonikaa kichwani ni lile neno moja tu, kwamba mshahara hauzimwi.

Aliyeanzisha hii programu, kwa umbo lake la kwanza, ni mkuu wa jeshi la majini aliyeitwa Jeremy Boorda. Yeye aliacha shule, akadanganya umri, akaingia jeshini mwaka 1956 akiwa kijana wa miaka 16. Alianza kama baharia wa kawaida wa kazi za makaratasi. Mwaka 1962 akapata kamisheni, na mwaka 1994 akawa mkuu wa jeshi lote la majini, wa kwanza katika historia yao kufika pale akiwa ametokea chini kabisa. Kumbe mlango ulifunguliwa na mtu aliyewahi kusimama nje yake. Hilo nawaachia wakubwa wa mashirika walifikirie wakiwa kwenye gari.

Lakini mtu aliyenigusa zaidi ni mwingine, na hapa naomba mnivumilie niende nyuma kidogo, kwa sababu hii habari ni ya watu weusi na inafanana sana na geti letu.

Kabla ya mwaka 1942, mtu mweusi aliyeingia jeshi la majini la Marekani alikuwa karibu kila mara anapelekwa jikoni, apike na kuwahudumia maofisa wazungu mezani. Afisa mweusi hakuwepo hata mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1944 wakachukua mabaharia weusi 16, wakawaweka kwenye mafunzo ya uafisa kule Great Lakes, karibu na Chicago. Kozi ikafupishwa, wakapewa muda mdogo kuliko wazungu. Wale jamaa walikuwa wanafunika madirisha usiku ili taa isionekane nje, wanasoma wakati wengine wamelala. Walipofaulu, walifaulu sana hadi wakubwa wakashuku wameiba, wakawarudisha kwenye mtihani. Wakafaulu tena. Mwezi wa tatu 12 kati yao wakapewa kamisheni na mmoja akapewa cheo cha waranti. Baadaye wakaja kuitwa Golden Thirteen.

Miaka hiyo hiyo ya vita jeshi la majini lilikuwa na mpango mkubwa unaoitwa V-12. Kuanzia mwaka 1943, vijana zaidi ya 125,000 waliwekwa kwenye vyuo 131, wanavaa sare, wanalipwa, wanasoma, lengo wawe maofisa. Ndani yao alikuwemo kijana mweusi wa Richmond, Virginia, jina lake Samuel Gravely. Alikuwa ameanza chuo akaacha. Mwaka 1942 aliandikishwa, wakamfundisha kazi ya mashine na moto, kazi ya chini kabisa, kama rafiki yangu. Kupitia V-12 akasoma UCLA, akaenda kumalizia mafunzo kwenye chuo kikuu cha Columbia, New York, na Desemba 1944 akatunukiwa kamisheni.

Mwaka uliofuata yuko Miami, amevaa sare yake ya uafisa, polisi wa jeshi wakamkamata. Kosa lake? Kujifanya afisa. Hawakuweza kuamini kwamba mtu mweusi anaweza kuvaa ile sare kihalali.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Nani kati yetu volontia hajawahi kukamatwa hivyo? Unafika kwenye mkutano, umevaa beji, umebeba ripoti uliyoandika wewe kwa mkono wako, mlinzi anakwambia, "Wewe wa jamii, subiri nje." Ripoti inaingia, wewe unabaki chini ya mwembe.

Gravely hakuacha. Alirudi Virginia akamaliza digrii yake mwaka 1948, akarudi baharini, akaja kuamuru meli za vita, na mwaka 1971 akawa admirali wa kwanza mweusi wa Marekani. Leo kuna manowari yao inabeba jina lake, USS Gravely. Mtu ambaye polisi walimwona tapeli wa sare!

Sasa linganisheni na maofisa tuliowazoea sisi wa Kivu. Baada ya makubaliano ya mwaka 2002 na 2003, makundi ya porini yaliingizwa kwenye jeshi moja, ile tuliyoita brasaji. Mtu aliyekuwa na watu wengi wenye bunduki alitoka porini na cheo kikubwa. Wengine walirudi porini, wakajadiliana tena, wakarudi na cheo kikubwa zaidi. Vijana waliona wazi: kalamu inachelewesha, bunduki inapandisha. Mimi nina binamu zangu walioamini hivyo, na wawili sijui hata walizikwa wapi. Ndo maana habari ya jeshi linalomwambia askari wake "nenda ukasome kwanza, tutakulipa, halafu ndo uamuru" kwangu siyo habari ndogo. Mtu akiona kwamba kusoma kunampandisha kweli, na kwamba watoto wake watakula wakati anasoma, atasoma.

Turudi Nakivale. Mtu ataniambia: bolsa zipo. Ni kweli, zipo. DAFI imesomesha wakimbizi tangu mwaka 1992 kwa pesa ambayo sehemu kubwa inatoka Ujerumani. Wacanada wanachukua wanafunzi wakimbizi tangu mwaka 1978. UNHCR wamejiwekea lengo kwamba ikifika 2030, vijana wakimbizi 15 kwa kila 100 wawe chuo. Mwanzoni tulikuwa wachache sana, na tumepanda. Mimi nashukuru, na wale waliosoma kwa njia hiyo ni fahari yetu. Lakini angalia zinamtafuta nani. Zinamtafuta aliyemaliza sekondari juzi na alama kali. Ni sawa kabisa kumtafuta huyo. Ila aliyemaliza miaka saba iliyopita, akaingia kufanya kazi ya kituo cha afya, ya shule, ya ulinzi wa watoto, ya maji, huyo hakuna anayemtafuta. Umri unampita na alama zake zinachakaa. Kama ana diploma ya Kongo, kuilinganisha na ya Uganda kunadai tafsiri, safari na pesa. Na hata akipata nafasi, anakutana na kitu ambacho nimekiona kwa macho yangu.

Mwenzetu mmoja, simtaji jina wala shirika alilokuwa nalo, alikuwa volontia bora kuliko mimi. Hiyo nasema bila unyenyekevu wa uongo. Alikuwa na sauti ambayo mtoto anayelia anaisikiliza. Usiku wa manane wakunga walikuwa wanamfuata nyumbani kwao aje kutafsiri, na hakuna aliyemlipa usiku ule. Akapata bolsa. Ada yote, bweni, vitabu. Tulimchangia koti, tukampiga picha, nadhani wengine mnaikumbuka ile picha. Wiki hiyo hiyo aliyoripoti chuo, insentivu yake ikakatwa. Kwa haki, sheria ya mradi inasema asiyekuwepo halipwi. Nyumbani aliacha mama mgonjwa wa sukari na wadogo watatu, na chakula cha mgao kilikuwa kimeshapunguzwa. Ile insentivu mnayosema ni ndogo, na kweli ni ndogo, ndiyo iliyokuwa inanunua mboga, sabuni na kuni. Muhula wa kwanza alivumilia. Muhula wa pili mdogo wake wa kike akaacha shule akaanza kulima kwa watu. Mwenzetu akafunga begi akarudi.

Alipoenda kuomba beji yake, ilikuwa imepewa mtu mwingine. Leo anauza chapati karibu na stendi ya boda. Chapati nzuri, naenda pale mara kwa mara, lakini nikimwona anakanda ule unga nakumbuka zile usiku za wakunga.

Ada ililipwa na bado masomo yakashindikana. Watu wa bolsa wataandika kwamba mwanafunzi ameacha, na aliyeacha anaonekana hana bidii. Yule baharia wa Norfolk angepewa ada peke yake, na mshahara wake ukakatwa siku anaingia darasani, naye angerudi melini muhula wa pili kama huyu. Wamarekani hawakumpa kwa huruma. Walipiga hesabu wakaona mtu mzima mwenye watu wa kulisha hawezi kusoma kama mtoto wa miaka 18.

Kwa hiyo ninachoomba, ndugu wa mashirika, siyo bolsa mpya yenye jina zuri na uzinduzi wa fulana. Chukueni kila mwaka volontia wawili au watatu tu kati ya wale ambao wameshafanya kazi kwenu miaka kadhaa. Wachagueni kwa mtihani, kwa mahojiano, na kwa neno la supavaiza aliyewaona kazini. Insentivu yao iendelee wakiwa chuo au kwenye diploma, na beji yao ikae kwenye droo ikiwasubiri. Wakimaliza, wanadaiwa: warudi kufanya kazi hapa miaka kadhaa, safari hii kwa mkataba wenye neno "kazi" na mshahara wa kazi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki yetu ya kufanya kazi, kwa hiyo hapa kwetu kisingizio cha sheria hakipo. Wenzetu walioko nchi ambazo mkimbizi hawezi hata kutoka kambini bila kibali wana mzigo mzito zaidi, hilo najua.

Najua mtasema pesa hakuna. Mwaka 2025 tuliona wenyewe: ofisi zilifungwa, magari yakapungua, majirani zetu wengi wakaondolewa kwenye orodha ya chakula. Sijifanyi sijaona. Lakini hebu pigeni hesabu nyingine. Kila mara supavaiza mpya anakuja, anatumia miezi kujifunza kile mimi nakijua. Analipwa hiyo miezi. Mradi ukiisha anaondoka, na kile nilichomfundisha anaondoka nacho kwenda kukiandika kwenye CV yake. Wa nne sasa! Pesa ya kusomesha volontia mmoja imeshatumika mara nyingi, ila imetumika kumsomesha mgeni kuhusu kambi.

Mtasema pia kwamba jeshi ni la serikali, lipo leo na kesho, na shirika linaishi kwa miradi ya mwaka mmoja mmoja. Hii ndiyo hoja yenu yenye nguvu, sitaikimbia. Kumwahidi mtu miaka mitatu wakati wewe mwenyewe una miezi 12 ni kazi ngumu. Lakini Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Mradi unabadilisha jina, nembo kwenye gari inabadilika, na mgonjwa anaendelea kuja kwenye mlango ule ule. Wakubwa mnakutana kila mwezi kugawana kazi. Mnaweza kukubaliana kwamba volontia aliyeko chuo akabidhiwe kwa shirika linalofuata, kama mnavyokabidhiana magodoro na friji za chanjo. Friji ina hati ya makabidhiano. Mimi sina.

Na wale mtakaosema "tukiwasomesha wataondoka kwenda Ulaya", niwaambie taratibu: tangu Januari 2025 wengi waliokuwa na safari za Marekani wamekaa na mabegi yaliyofungwa. Hatuendi popote haraka hivyo. Na deni la miaka ya utumishi lipo kwa sababu hiyo hiyo. Msitupende bure, tudaini.

Kama hata hilo haliwezekani mwaka huu, basi kuna kitu kimoja kisicho na gharama. Andikeni barua zenu vizuri. Mtu aliyetafsiri miaka sita aandikiwe kwamba alifanya kazi ya ukalimani wa afya miaka sita, saa kadhaa kwa wiki, alifanya hiki na kile. Na kwenye matangazo yenu wekeni kwamba miaka hiyo inahesabika. Hii mnaweza kuifanya wiki ijayo, inahitaji wino tu.

Kwetu vijana pia nina neno, na baadhi watanuna. Siyo kila volontia anastahili. Tuko na watu wanasaini karatasi ya siku halafu wanaenda kulala, na ukiwauliza wanasema "insentivu ni ndogo, na mimi nafanya kidogo". Tuko na watu vyeti vyao vimelowa maji kwenye sanduku na hawajawahi kupiga hata picha. Mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili bila kufungua kitabu cha hesabu, nikijiambia nimechoka. Ule mlango wa Wamarekani una mtihani. Wakitufungulia wetu kesho asubuhi, wangapi wetu tungefaulu? Wale 16 wa Great Lakes walifunika madirisha wakasoma kabla hawajajua kama watapewa kitu.

Rafiki yangu bado anasubiri majibu. Ameniambia kuna desturi kwao: afisa mpya siku ya kamisheni anampa sarafu ya fedha baharia wa kwanza anayempigia saluti, na mara nyingi anamchagua mapema mtu aliyemfundisha kazi. Akaniuliza, ingekuwa wewe, ungempa nani? Nilimtaja yule wa chapati. Akanyamaza kidogo, kwa sababu na yeye anamfahamu, walikaa dawati moja.

Jumamosi saa nane mchana volontia wote tunakutana nyuma ya kanisa la bati, siyo la matofali. Supavaiza wangu amesema atakuja kutusaidia kuandika ombi kwa Kiingereza cha ofisini, na atakaa upande wetu wa meza. Kila mtu aje na barua zake zote za kujitolea tangu mwaka wa kwanza, hata zile zilizoguguniwa na panya. Tutazihesabu miaka.